Mtoto anaitwa Mbwa Mwitu na waliomwita hivyo wanampenda kufa: kisa cha jina Vuk

mtu_wa_Danube (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu sitakasirika.

Mimi nipo Novi Sad, Serbia, mwaka wa tatu sasa, nilikuja kwa skolashipu nasomea mambo ya maji. Nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane, ghorofa ya tatu, lifti inafanya kazi siku ikijisikia. Bibi ana mjukuu wa kiume wa miaka minne hivi, mtundu hasa, analetwa asubuhi mama yake akienda kazini. Sasa mwanzoni nilikuwa nachanganyikiwa, maana bibi akiwa kwenye simu namsikia Vuk kala, Vuk kalala, Vuk kamwaga maziwa, ila mtoto akiwa chini uwanjani bibi anafungua dirisha anapiga kelele "Vuče!" (soma vuche), nikajua wapo wawili na huyo mmoja sijabahatika kumuona. Kumbe ni yuleyule. Lugha yao jina ukilitumia kumwitia mtu linageuka mkia, ile K inakuwa CH. Miezi miwili nzima nimeishi na mtoto ambaye hayupo.

Haya, siku moja darasa la Kiserbia mwalimu anatufundisha wanyama, medved ni dubu, lisica ni mbweha, akafika kwenye picha ya mbwa mwitu akaandika ubaoni VUK. Nikaganda. Nikajiambia hapana, hapa nimesikia vibaya, yule bibi anaenda kanisani kila Jumapili hawezi kumwita mjukuu wake mnyama.

Jioni nikamuuliza na Kiserbia changu cha kuokoteza. Akacheka mpaka akakohoa. Akaweka kile kibirika chao kidogo cha mkono mrefu jikoni, kahawa yao haichujwi, machicha yanabaki chini ya kikombe, ukiwa mtu wa kupenda kahawa ya kijiweni utaelewana nao. Akanyamaza mpaka ikapanda povu mara mbili. Ndo akanisimulia. Binti yake mimba mbili zilitoka. Ya tatu akajifungua, mtoto akakaa siku sita. Ya nne ndo huyu. Binti anafanya kazi benki, hataki kabisa kusikia mambo ya kizamani, alishachagua jina Luka. Bibi akamwambia Luka utamwita wa pili, huyu ni Vuk.

Naendelea chini, nipeni dakika.

chuma_cha_pua

Nimeshakaa siti ya mbele na karanga zangu. Tiririka mkuu.

mnazi_wa_kwale

Vuk au Vuka? Mimi nilivyosoma nikajua ni Kiswahili, mtoto wenzake wamekwama yeye kaambiwa vuka 😂

mtu_wa_Danube

@mnazi_wa_kwale hiyo hata mimi ilinijia na bibi nilimwambia, alifurahi sana, nitarudi hapo.

Tuendelee. Waserbia wa zamani walikuwa na imani kwamba watoto wachanga wakifa wanafuatana kwenye nyumba moja si bure, wanaliwa na vještica, yaani mchawi mwanamke. Na huyo mchawi mnamjua vizuri tu hata kama hamjawahi kufika huku. Mchana ni jirani yako anakuazima chumvi, usiku anauacha mwili wake kitandani roho inatoka, inageuka kipepeo au kuku, inaruka mpaka nyumba yenye mtoto. Anamkuta mtu kalala anamgusa kifuani upande wa kushoto na kijiti, kifua kinafunguka, anautoa moyo anaula, kinajifunga tena, asubuhi mtu anaamka hajui kitu ila siku zake zinahesabika. Sasa wachawi wote hawa hawaogopi padri wala kufuli, wanayemuogopa ni mbwa mwitu. Basi mama aliyezika watoto anafanya ujanja, huyu aliyezaliwa sasa namwita Mbwa Mwitu, mchawi akisikia jina mlangoni ageuze.

Na hii siyo hadithi ya bibi yangu tu, imeandikwa. Huku kuna mzee anaitwa Vuk Stefanović Karadžić, yule ni kama baba wa Kiserbia cha kuandika, sura yake iko mpaka kwenye noti ya dinari 10. Alizaliwa 1787 kijiji cha Tršić enzi hizo nchi iko chini ya Waturuki, na wazazi wake walikuwa wamezika watoto kabla yake. Mwaka 1818 akatoa kamusi kule Vienna, maneno zaidi ya 26,000, na ukifungua neno hilo la mchawi anaeleza yote niliyowaandikia hapo juu, kipepeo, kuku, kijiti, moyo, halafu mwishoni anachomekea kwamba mwanamke asiyekaliwa na watoto humpa mtoto jina la Vuk, na ndo maana hata mimi nikaitwa hivi. Wakuu, mtu anaandika kamusi, kitabu kikavu kabisa, halafu katikati ya herufi ya V anatoa siri ya uchungu wa mama yake kwa mstari mmoja na kuendelea na neno linalofuata. Mimi hapo nilifunga kitabu nikaenda kutembea kando ya mto.

Ujanja ulifanya kazi? Mwenyewe aliishi mpaka 1864, mguu mmoja mlemavu, picha zake nyingi utamuona na gongo. Ila yeye naye akaoa Vienna, mke anaitwa Anna, wakazaa watoto wengi na wengi wakafa, waliobaki baada yake ni wawili tu, Mina na Dimitrije. Kwa hiyo mtu aliyeokolewa na jina naye akaja kuzika vilevile.

bintimakunduchi

Hapo kwa kipepeo umenimaliza. Kwetu Unguja bibi alikuwa akiona kipepeo mkubwa mweusi kaingia usiku hamuui, anamtoa kwa upole na maneno ya heshima, "nenda zako hapa si kwako". Sikujua kwamba na Wazungu wanalo hilo.

mganga_njaa

Huu ni ushamba tu, wa kwetu na wa kwao. Mtoto aliishi kwa sababu aliishi. Na afadhali hilo la kwao ni mnyama jasiri, sisi tunaita watoto Shida, Tabu, Mashaka, Matatizo, halafu tunashangaa mtu mzima hafanikiwi. Jina linaumba bwana. Mtu anaitwa Mashaka unategemea maisha yake yaweje?

kyalo_254

@mganga_njaa pole pole bro. Mimi ni Mkamba wa Kitui na kwetu kuna jina Mbiti, maana yake fisi. Hapana, si matusi. Mama akipoteza watoto, anayefuata anaitwa Mbiti, ati kifo kikikuja kione ni fisi tu, nani anataka fisi? Na mnamjua Profesa John Mbiti, yule wa dini na falsafa za Kiafrika, alizaliwa 1931 huko kwetu Kitui, akafunza Makerere, akafia Uswisi 2019. Jina ni hilohilo fisi. Sasa niambie huyo alikosa kufanikiwa wapi.

nyar_rorya

Na sisi Wajaluo tuna Owiti, msichana ni Awiti, yaani "aliyetupwa". Bibi yangu alinieleza kwamba watoto wakifa mfululizo, huyu mpya anatolewa nje ya boma anawekwa chini kama wamemtupa, halafu mama mzee wa nyumba nyingine anapita "anamwokota" anawarudishia, kwamba nimeokota mtoto huyu nitunzieni. Kifo kikija kinakuta huyu si wa nyumba hii. Nina mjomba Owiti, ana miaka sabini na kitu na ana kelele kuliko redio.

mtu_wa_Danube

@nyar_rorya WEWE!! Subiri kwanza. Waslavi wana hiyohiyo, hata sijui nianzie wapi.

Wabulgaria wana jina Nayden, maana yake "aliyeokotwa". Mtoto anawekwa njiani asubuhi mapema, wa kwanza kupita anamwokota na ndo anakuwa baba wa ubatizo. Ni Owiti kabisa, tofauti ninyi mmetaja kutupwa na wao wametaja kuokotwa. Na Waserbia wana Prodan, yaani "aliyeuzwa". Mama anajifanya kamuuza mtoto kwa mwanamke mwingine ambaye watoto wake wako hai, kwa pesa kidogo tu ya kuigiza, ili kinachomfuata kipoteze hesabu.

Kwa hiyo naona kuna njia mbili. Moja ni kumtisha adui, ndo Vuk. Nyingine ni kumdanganya, huyu si wangu, huyu nimemuokota, nimemuuza, huyu ni takataka tu mpite. Mbiti wa @kyalo_254 nadhani yuko njia ya pili ingawa ni mnyama, maana fisi hatishi kama anavyochefua. Ya tatu ni kuomba tu bila ujanja: Stojan ni "wa kusimama, wa kubaki", Živko ni "aliye hai". Hebu fikiria umzike mtoto halafu mwaka unaofuata umwite mwingine Aliye Hai. Kila ukimwita unaomba.

ng'wana_lamadi

Mimi Msukuma nina swali. Fisi kwetu ndo usafiri wa wachawi wenyewe, wanapanda usiku, wengine wanawawekea na shanga. Sasa ukimwita mtoto Fisi si umemkabidhi? Hilo la Mbiti naona Wakamba walipiga hesabu vibaya 😂

kyalo_254

@ng'wana_lamadi fisi wenu mnawafuga vibaya, wetu wako na adabu.

bintimakunduchi

Hahaha. Lakini kuna mtu aseme ukweli hapa, mbwa mwitu wa huko siye mbwa mwitu wetu. Wetu yule wa madoadoa masikio makubwa wa Selous ni mnyama mwingine kabisa, huyo wa kwao ndo babu wa mbwa. Tumetumia jina moja kwa wawili.

mtu_wa_Danube

Kweli kabisa @bintimakunduchi, yule wa kwetu hata habweki kihivyo, analia kama ndege. Huyu wa huku yupo mpaka leo milimani, na wachungaji wa zamani usiku hawakuwa wanamtaja kwa jina lake, walisema "asiyetajwa" au wanamwita wa mawe mawe. Kama kwetu usiku nyoka haitwi nyoka, unasema kamba. Wana na msemo, tunamtaja vuk na vuk yuko mlangoni, ndo kule kwetu ukimtaja nyoka ushike fimbo. Sasa fikiria basi, mnyama hutaki hata kumtaja gizani, halafu mtoto wako unampa jina hilo alibebe mchana na usiku.

Na siyo jina peke yake. Zamani mtoto wa kiume akizaliwa mtu alitoka nje anatangaza kwa sauti "mbwa mwitu jike kazaa mbwa mwitu, ulimwengu wote ujue, na mtoto awe na afya". Mtoto akiugua alipitishwa katikati ya ngozi iliyokatwa kwenye mdomo wa mbwa mwitu aliyeuawa, meno juu meno chini, anaingia huku anatokea kule. Bibi anasema hilo aliliona kwa macho yake kijijini akiwa mdogo, ngozi ilikuwa inatembezwa kwa kuazimana nyumba hadi nyumba kama sufuria ya shughuli.

Jina lenyewe limezaa ukoo mzima. Vukašin, Vukan, Vukota, wa kike Vukosava na Vukica, majina ya ukoo Vuković, Vučić kama rais wao wa sasa, Vučević yule mrefu wa kikapu kutoka Montenegro. Wabulgaria ni Valko na Valchan. Na wazee wa enzi za Yugoslavia mtakumbuka Olimpiki ya barafu Sarajevo 1984, maskoti yake, yaani kikaragosi cha mashindano, ilikuwa mbwa mwitu kavaa skafu anaitwa Vučko, yaani kambwa mwitu kadogo.

Wapo pia waliolichafua. Kuna Vuk Branković, mtawala wa miaka ya 1300, nyimbo za kale zinadai aliwasaliti wenzake vita ya Kosovo 1389. Wanahistoria wanasema huo usaliti hauna ushahidi, ila nyimbo zimeshamhukumu miaka mingapi huko, nani atazisikiliza karatasi.

chuma_cha_pua

Mkuu sasa tuambie na majina ya makocha wetu, maana Waserbia wamepita bongo kama daladala. Milovan Ćirković wa Simba, wa ile TANO BILA ya 2012, Yanga nawasalimu popote mlipo.

mtu_wa_Danube

😂 Milovan na Milutin (ndo Micho huyo, aliyepita Yanga na Uganda) yote yanatoka kwenye "mil", mpenzi, kipenzi. Goran kama Kopunović ni wa "gora", mlima wenye msitu. Zoran kama Zoran Maki ni wa "zora", alfajiri. Hayo hayana siri, ni mazuri tu. Srećko ndo Bahati wetu neno kwa neno. Petko ni wa Ijumaa, kama Juma, Nedeljko wa Jumapili. Haya ya Vladimir na Stanislav ni ya kitawala, neno mbili zinaunganishwa, "vlad" ni kutawala, "slav" ni sifa na utukufu, hayo yalikuwa ya wakubwa. Mimi siyapendi sana, yananikumbusha hotuba.

mama_wawili

Na watoto wa kike nao wanapewa majina ya kuwakinga au wao hawaliwi na wachawi?

mtu_wa_Danube

@mama_wawili hapa sasa utakasirika. Kuna Stana na Stanka, inatoka kwenye kusimama. Kuna nyumba liliwekwa kwa maana ya "abaki, aishi", ila nyumba nyingine mama kazaa wasichana watano baba anataka wa kiume, wa sita anaitwa Stana kwa maana ya wasichana WASIMAME HAPO. Na kuna Dosta. Dosta ni "imetosha".

mama_wawili

Imetosha??? Mtoto anaitwa Imetosha? Mimi nina shangazi anaitwa Sikujua nikadhani ndo mwisho wa matatizo.

mganga_njaa

Sawa nimewasoma wote na bado nasema. Hao wanaowaita watoto Vuk leo wanajua hayo yote? Au ni fasheni? Maana kama ni fasheni basi uzi wote huu ni makumbusho.

mtu_wa_Danube

Wengi ni fasheni, sikukatalii. Ukisimama uwanja wa kuchezea watoto hapa ukaita Vuk hakosi kugeuka mmoja, na baba zao ukiwauliza watakwambia fupi, la kiume, la kizalendo, wengine wanataja huyo mzee wa kamusi. Habari ya mchawi anaijua bibi, baba anajua mbwa mwitu ana misuli. Binti wa bibi yangu mwenyewe, yule wa benki, akiulizwa ofisini kwa nini Vuk anajibu "tumelipenda tu". Nimemsikia kwa masikio yangu akisema hivyo kwenye simu, na bibi kaangalia sufuria yake hakugeuka.

Sasa nikujibu na lile la mwanzo ulilosema la jina linaumba. Mimi jina langu ni Mashaka. Siyo la humu, la cheti. Mama alizika wawili kabla yangu, mmoja surua, mmoja hawakujua ni nini, na nilipotoka mimi babu akasema asiitwe jina zuri, jina zuri linavutia macho. Shuleni nimechekwa sana na jina hilo, kuna mwalimu kila akiita mahudhurio alikuwa ananiongezea utani wake wa jana, na form two nilitaka kwenda kuapa mahakamani nibadilishe niwe Michael. Mama hakunikatalia. Alisema tu badilisha, ila usiniambie siku. Sikwenda.

Basi ile jioni ya kahawa bibi aliponimalizia kisa cha Vuk akaniuliza, na lako wewe maana yake nini? Nikamueleza. Nikamwambia na la mjukuu wake kwa lugha yetu linakaribia neno la kuvuka, mtu avuke mto afike ng'ambo. Hakusema kitu, akatema mate ya mzaha begani mara tatu, pu pu pu, akaingia chumbani akatoka na karatasi anataka nimuandikie jina langu. Nikaanza kwa herufi zetu akanizuia, akaliandika mwenyewe kwa zao kama alivyolisikia, Машака, herufi sita, sauti sita, haikuzidi wala haikupungua. Hiyo nayo ni kazi ya yule mzee wa kamusi, ndo aliyewapigania waandike kama wanavyosema, herufi moja sauti moja, ziko 30 basi. Wanafunzi wenzangu kutoka nchi zingine wanalia na spelingi, mimi mtu wa Kiswahili sikuona jipya.

Karatasi ipo mpaka leo kwenye mlango wa friji, imeshikwa na sumaku ya pilipili. Chini yake mtoto kaongeza VUK kwa kalamu nyekundu, ile K imegeukia ukutani.

nyar_rorya

Mashaka salimia bibi. Mwambie Owiti yupo Rorya anakula vizuri.

ng'wana_lamadi

Mwambie na fisi wetu wako salama.

mtu_wa_Danube

Nitamwambia kesho. Saa hizi kalala, na mtoto analala hapa leo, nikifungua mlango ataamka.